Mjukuu Mwembamba wa Mama Panya

Mama Panya, mtunza panya wa maabara, alikuwa na mdomo usiojua likizo. Kazini aliwalisha panya, akawafagilia, akawasema. Nyumbani alimsema mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee.

Kosa la mkwe lilikuwa mtoto. Mjukuu alimaliza sahani na kuomba nyingine, ila mbavu zote nje. Mtoto wa jirani, rika lake, alikuwa na mashavu yaliyojaa kama mpira. Kila jioni Mama Panya aliwasimamisha wawili hao mlangoni, akawapima kwa macho, akatoa hukumu: mkwe anamnyima mtoto chakula. Alimwambia jirani, akamwambia muuza mkaa, hata msoma mita ya maji hakupona. Mkwe alivumilia mpaka akachoka. Ijumaa asubuhi akasema kesho yake Jumamosi anarudi kwao, na mtoto anakwenda naye.

Ijumaa hiyo daktari wa maabara aliingia kazini kifua mbele. Alikuwa amewaondolea panya wake jeni moja, akawaona wembamba kuliko wengine, basi akatangaza kwamba siri ya unene anayo mkononi. Wale wanene wa kulinganishia alikuwa amewanunua kwa mfugaji mwingine. Mgeni kutoka chuo fulani akauliza kiswali kidogo tu: hawa wembamba hawana ndugu ambao hawakuguswa? Ndugu wakaletwa. Jeni wanayo, na wembamba vilevile. Ukoo mzima ulikuwa hivyo tangu babu.

Mama Panya alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofika nyumbani alimkuta mkwe anapanga nguo kwenye begi, akamsimulia hivyohivyo.

"Yaani msomi mzima, unalinganisha panya wa ukoo huu na wa ukoo ule, halafu unailaumu jeni ya watu!"

Mkwe hakucheka. Aliitazama picha ya marehemu baba mkwe ukutani: shingo ndefu, koti limemning'inia kama liko kwenye msumari. Wakati huohuo mume wake akapenya kati ya kabati na kitanda, mahali ambapo paka angefikiria mara mbili.

"Mama," mkwe akasema taratibu, "na mtoto wa jirani ni wa mfugaji yupi?"

Mama Panya akaitazama picha. Akamtazama mwanawe. Mdomo ukapata likizo yake ya kwanza.

Radhi hakuomba. Alilivuta begi, akaanza kurudisha nguo kabatini, akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi hata kukunja hawajui. Mkwe akamwacha anung'unike, akamsogezea na rundo la pili.