Mama alivyouombea msamaha mpilipili wake wa mwisho

Wakuu, heshima kwenu. Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe kihambani, shamba la nyumbani kwa mama yangu, Machame. Nawapa kama lilivyo, hata pale ninapoaibika.

Nauza pembejeo Moshi mjini. Chuoni nilisoma mambo ya mimea, kwa hiyo nikipanda kwenda nyumbani najiona daktari kabisa.

Mama alikuwa na mipilipili saba pembeni ya migomba. Mbegu aliachiwa na marehemu bibi, na kwingine hazipo.

Siku hiyo nikakuta majani yamejikunja, yana manjano. Virusi, vile vinavyoletwa na inzi weupe. Hata shikamoo sikuimalizia vizuri, nikaanza kung'oa.

Nimeshang'oa sita, mama huyo, anatoka mpakani mwa kihamba na jani la isale mkononi.

Kwa msio Wachagga: ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa ni mwiko.

"Baba, huu mmoja nauombea msamaha. Niachie."

Jamani, isale kwa ajili ya pilipili! Nampenda sana huyu mama. Nilicheka, ila nikauacha.

Wiki kadhaa baadaye akapiga simu: "Njoo umwone mgonjwa wako."

Majani ya chini bado yamejikunja. Ya juu yametoka safi, na maua yapo.

Nikamweleza DNA methylation kwa Kiswahili cha dukani: mmea hubandika alama ndogo za kikemikali kwenye DNA ya kirusi, maelekezo yake yasisomeke. Kirusi kipo, ila kimezibwa mdomo. Baadhi ya mipilipili hupata nafuu hivyo. Huu sikuupeleka maabara, kwa hiyo siapi.

Mama akaniangalia.

"Hayo ulifundishwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile sita ukaing'oa?"

Nilikwenda mpakani, nikakata isale, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea.

Sisemi muache kila mmea mgonjwa. Mingine haiponi, na inaambukiza jirani. Nasema kabla hujang'oa, angalia jani jipya, na umuulize mwenye shamba. Mimi yote mawili sikufanya.

Juzi mama amenipa mbegu za ule mmoja, kwenye kikaratasi. Amekifunga kwa lile isale langu, limeshakauka.

Haya, nani mwingine elimu yake ilimtangulia mbele ya mama yake? Semeni, nisiaibike peke yangu.