Karoti Zilizolala

Juzi niliingia kwenye duka moja hapa Mikumi, la kando ya barabara kuu, linalouza vyakula vya watalii. Nikamkuta mama mmoja wa kijiji cha Tindiga akiwa safarini kwenda Ruaha kumwona binti yake aliyejifungua. Mkono mmoja kashika karoti za kopo, mwingine pakiti ya karoti za friji, zilizogandishwa.

"Zipi zina nguvu?"

"Chukua za friji, mama," alisema dada muuzaji. "Za kopo zimechemshwa, vitamini C nyingi imepotea, na wameongeza chumvi. Ila vitamini A ipo kwenye zote."

"Hizi za friji zimevunwa lini?"

"Labda mwaka jana."

Mama aliirudisha pakiti kama aliyeshika chura. "Kumbe zimelala!"

"Zimelala kwenye baridi, mama."

"Mwanangu, chakula kikilala ni kiporo. Nimpelekee mzazi kiporo?"

"Basi chukua za kopo."

"Hizo je, hazijalala?"

Dada akalichukua kopo, akasoma tarehe chini yake. Za kopo zimelala kuliko zote.

Mama akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, akafungua kikapu na kuanza kutafuna muhogo wa kuchemsha, umekauka pembeni. Dada akamchungulia dirishani.

"Na huo, mama, haujalala?"

"Umelala, tena tangu jana," alijibu bila kuacha kutafuna. "Lakini huu umelala kwangu. Hizo zako sijui zimelala kwa nani."

Wenye maabara wamepima vitamini zote za karoti. Hilo la kulala kwa nani, kipimo chake bado.