Mama Aliponipeleka Sauti ya Pili

Mimi ni mwimbaji wa soprano, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Nasema mapema kwa sababu kanisani, harusini, hata kwa daktari wa meno nimeshaulizwa: "Sawa, unaimba, lakini kazi unafanya wapi?" Jamani, kazi ndiyo hiyo! Nasimama kwenye jukwaa la opera mjini Buffalo, Marekani, nimevaa gauni zito kuliko gunia la mchele, naimba Kiitaliano bila kipaza sauti, na mtu wa kiti cha mwisho kule juu ghorofani ananisikia vizuri.

Aliyenifundisha kuimba ni Mama. Sisi ni Warundi, nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko Mama alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliandika do re mi kwa mkaa kwenye maboksi ya msaada. Ukikosea hakugomba. Alikutazama tu, na wimbo wote ukakukaukia mdomoni. Tulipoletwa Louisville nikiwa na miaka kumi na miwili, hata jiko la umeme hatujalizoea, tayari alikuwa amekusanya akina mama wa Kirundi na wa Kikongo akaanzisha kwaya upya. Sauti ya kwanza, yaani soprano, walisimama mbele. Ya pili, yaani alto, nyuma yao, na mwisho kabisa wanaume wanne ambao mpaka leo hawajawahi kufika kwa wakati. Mimi niliwekwa sauti ya kwanza, bega kwa bega na Mama mwenyewe.

Mwalimu wa muziki shuleni ndiye aliyenisukuma nikasome. Nikahamia Columbus, kwa mama yangu mdogo, anayekaa Reynoldsburg, pembeni ya mji. Asubuhi chuoni, jioni ghalani nikipanga viatu kwenye maboksi huku nikifanya mazoezi ya pumzi, nahema kama mwanamke aliye leba, hadi msimamizi akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa. Baadaye Buffalo wakanichukua. Mwaka wa kwanza niliigiza mtumishi anayeleta barua na kuimba maneno manne. Niliyaimba hayo manne kwa moyo wote, we acha tu! Mwaka wa tatu wakanipa kuwa yule bibie anayeletewa barua. Nilipopata habari nilikuwa kwenye basi la kwenda Lackawanna, nikapiga kelele mpaka dereva akasimamisha gari.

Basi, mwaka jana Mama akapiga simu. "Naiacha kwaya," akasema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Jumapili ya mwisho ya mwezi. Ukiweza, njoo."

Nisiweze vipi? Nilitaka kitu kimoja tu: nisimame tena ubavuni pake kwenye sauti ya kwanza, kwa mara ya mwisho. Nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha gari kutoka Buffalo, nikampitia mama mdogo Columbus na sinia lake la sambusa, na Ijumaa jioni tulikuwa Louisville.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana. Nikajipanga pembeni ya Mama, nikavuta pumzi, nikaimba kama ninavyoimba siku zote. Hatujamaliza ubeti wa kwanza Mama akapiga makofi. Akina mama wote wananitazama mimi.

"Bon," akasema mama mmoja wa Kikongo, mtu mwenye huruma sana, "huyu mutoto iko na bugonjwa ya koo. Sauti inatetemeka. Donc, tumuombee."

"Siumwi!" nikasema. "Ndivyo tunavyoimba. Kule tunafundishwa sauti itetemeke hivyo."

"Pole, mwanangu. Baridi ya Buffalo hiyo."

Nani alinisikiliza? Kufumba na kufumbua nilikuwa nimezungukwa, mikono sita shingoni kwangu, baridi inakemewa irudi ilikotoka, na mtu mwingine ananinywesha tangawizi ya moto. Mama mdogo alijificha nyuma ya sinia lake akicheka. Waliposema amina tukaimba tena, na sauti yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa vilevile. Kipaza sauti cha mbele kikapiga mluzi, wakakizima.

Mama akaninyooshea kidole. "Wewe. Nenda sauti ya pili."

Nilidhani ananitania. "Mama, mimi ni soprano."

"Najua wewe ni nani, nilikuzaa. Nenda kule."

Nikaenda, lakini mashavu yananiwaka. Tuliporudi nyumbani nilifunga mlango wa chumba kwa nguvu kama msichana wa miaka kumi na tano. Watu wanakata tiketi wanisikie, halafu mama yangu mzazi ananificha nyuma! Niliumia, sitasema uongo. Hata wali wake sikuugusa, na Mama hakunibembeleza. Alifunika sahani akaenda kupiga pasi sare.

Jumapili kanisa lilijaa, watoto wamekaa mpaka sakafuni. Nikasimama sauti ya pili, kati ya bibi mmoja wa Kirundi na muuguzi mmoja kijana, nimenuna. Wimbo ukaanza. Noti zangu zilikuwa chache na za chini, kazi yenyewe ndogo, basi nikapata nafasi ya kusikiliza. Nikaisikia sauti ya Mama. Miaka yote ile tulikuwa tunaimba noti moja, bega kwa bega, wala sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa peke yake. Ni nyembamba, ina mkwaruzo kidogo, na inapopanda huchelewa kidogo. Nikasahau kununa.

Tukafika pale wimbo unapopanda juu kabisa. Mama akapanda, na sauti ikamkatikia. Ilikatika kweli, watu wote wakasikia.

Ile noti mimi naipata hata nikiwa na mafua. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Ningeiimba, kanisa zima lingetikisika, na hakuna ambaye angekumbuka kilichompata Mama. Lakini nikaona mgongo wake. Hakugeuka, wala mkono wake unaoongoza haukuyumba. Nikabaki kwenye noti yangu ya chini. Wale akina mama wa mbele wakaendelea kidogo kidogo, na Mama akavuta pumzi, akapanda mara ya pili. Safari hii akafika. Kulikuwa na mkwaruzo mwingi, lakini alifika. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, na mimi machozi yananitiririka huku naimba alto, aibu iliyoje!

Baada ya ibada nilimkuta jikoni kanisani akipakua pilau, sare bado mwilini.

"Mama," nikasema, "pale juu, ningeweza kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana nilikupeleka nyuma."

Nikabaki na sahani mkononi. "Kumbe si kwa ajili ya kutetemeka?"

"Hata kutetemeka kwenyewe, Mungu anisamehe, sipendi." Akaniongezea nyama. "Lakini sikiliza. Tangu una miaka kumi na miwili unasimama hapa begani kwangu, na ukifungua kinywa mimi sisikii kitu. Naongoza, napumua, lakini sijui kama naimba au natafuna tu. Hata ulipohama, sauti yako ilibaki masikioni mwangu, miaka yote hiyo! Nikasema, siku ya mwisho, niisikie sauti yangu hata mara moja."

Nikaweka sahani mezani. "Na umeionaje?"

Mama akafikiri, kijiko hewani.

"Mbaya," akasema, akaanza kucheka mpaka akalazimika kuegemea meza. "Mbaya, mwanangu, mbaya kabisa! Lakini ni yangu."