Kazi ya Watu Wawili

Nilinunua simu mpya, na kabla hata sijabandua ile nailoni ya kwenye kioo nilishaanza kuwaza kuifuta. Ndivyo tulivyozoea mimi na rafiki yangu, Mkenya mwenzangu, tulipokuwa tukiishi chumba kimoja Kyebando, hapa Kampala. Simu ikiingia mle ndani, tulifuta programu za kiwandani na matangazo yake yote, tukaweka mfumo mwingine unaotengenezwa mtandaoni na watu wanaopenda tu kazi hiyo. Mmoja alishika simu na waya wa kompyuta, mwingine alisoma maelekezo kwa sauti, na mwenye kushika simu hakuruhusiwa kugusa kitu mpaka aambiwe "haya." Sheria hiyo ilikuja baada ya mimi kujifanya mjuaji, nikaruka hatua moja nikaiua simu yake. Yeye alicheka wiki nzima. Aliyenuna ni mimi.

Sasa amerudi Kisumu, ameoa. Mimi nimehamia Bukoto, chumba cha juu kwa mjane wa Kinubi ninayemwita Hajati.

Kiwanda cha simu hii kina maringo. Ukiomba ruhusa ya kubadilisha mfumo, unasubirishwa siku saba. Nikaomba. Kila asubuhi simu ilinitaka nijaze namba ya mtu wa kupigiwa nikipatwa na dharura, nami nikaiambia baadaye. Ya nini kujaza kitu kitakachofutwa? Jioni, nikitoka kazini, nilifanya mazoezi. Nilisoma maelekezo kwa sauti, kisha nikajiambia "haya" mwenyewe. Niliogopa. Ukikosea hatua moja, simu inakufa na hakuna duka litakalokusikiliza.

Ruhusa ilifika Jumapili mchana. Nikachomeka waya, nikachukua simu yangu ya zamani, nikampigia rafiki yangu anisomee.

"Bado unafanya mambo hayo?" akauliza. "Simu za siku hizi ziko sawa tu, ndugu yangu."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa na wageni, akasema atanipigia. Nilibaki nimeshika waya, na iliniuma sana, sitaficha. Simu ile haikuwa na kasoro yoyote, hata matangazo yake nilishayazoea. Nilichokuwa nikikitaka wiki nzima ni mtu wa kuniambia nisiguse bado. Nikachomoa waya.

Basi kama simu inabaki ilivyo, ikabidi nijaze ile namba. Za Kenya ninazo tele, lakini nikianguka bafuni, nani atavuka mpaka wa Busia aje kuniinua? Nilipitia majina yote ya Kampala. Fundi bomba, bosi wangu, mwenye duka la gesi. Nikashuka ngazi hadi kwa Hajati, ambaye kwa miezi minane tulikuwa tukisalimiana tu na kupitana.

Alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele. Nikamwomba namba yake na kumweleza sababu, huku nikiangalia sinia. Akanitajia polepole, akanitaka niirudie, nikairudia.

"Lakini ya nini simu, mwanangu? Wewe ita tu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kinubi. "Kila jioni mimi nasikia wewe nasoma huko juu, halafu nasema haya. Na mimi huku chini nasema haya."