Dume Aliyeliwa na Jumuiya

Tulihamia Ilemba, kwa Wafipa, na ng'ombe zetu kutoka Usukumani, mimi Minza na mume wangu Masanja, miaka ile wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi. Mwaka wa pili nikamzaa Hellena, hapohapo Ilemba.

Jumuiya ya kusali tuliyoingia Hellena alipoanza shule ilikuwa na nyumba kumi na nane za Wafipa, na yetu. Kila Jumamosi sala ilikuwa nyumba moja. Mwenye nyumba alitoa mahindi ya kuchemsha na chai, basi. Sisi hatukuambiwa. Zamu yetu ilipofika, wiki ya kwanza tu, Masanja alichinja dume. Walikula, wakafungasha.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya jirani yangu Zita. Alisema anaumwa. Baada ya dume angewapa nini? Wakakaa kikao bila sisi, wakasema Wasukuma wanataka kuinunua jumuiya. Tangu siku hiyo zamu ikawa inaturuka. Ikawa hivyo miaka sita. Sala za nyumbani kwao nilihudhuria zote.

Hellena alipofikia kipaimara, ilitakiwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Bila barua, askofu hamgusi mtoto. Nikaenda kwake, mzee Leonsi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Hellena. Barua siwezi. Nyumba yako haijasaliwa miaka sita."

"Nani aliyeiruka?"

"Jumuiya."

"Na dume alimla nani?"

"Nilikula, mama. Alikuwa mnono."

Nikamwambia anipe Jumamosi moja, nitapika mahindi tu. Alifikiri, akanipa.

Walikuja wote wa nyumba kumi na nane, hata wanaochelewaga misa. Waliposema amina nikaleta mahindi na chai ya rangi. Wakatazama zizini.

"Dada Minza," Zita akauliza, "leo hata maziwa hakuna?"

"Hata maziwa."

"Basi umekuwa Mfipa."

Wakacheka. Wakala.

Leonsi aliandika barua palepale, juu ya goti. Mimi sisomi. Walipoondoka nikampa Hellena anisomee. Ilisema: mtoto wa wahamiaji, wazazi wanashiriki sala, apewe kipaimara.

"Mama, mimi nimehamia kutoka wapi?"

Nikamwambia aikunje vizuri isichafuke, askofu anakuja kesho.