Ukuta Nyuma ya Magunia ya Mpunga

Utotoni niliamini kabisa kwamba ukungu mweusi wa ukutani huletwa na mkoromo. Kaka yangu ndiye aliyenieleza: mtu akikoroma, pumzi yake hugonga ukuta na kuota ukungu. Juzi nimepaka chokaa chumbani kwangu hapa Mpanda, na harufu yake imenirudisha kwa bibi.

Mvua za mwaka ule ukuta wa bibi ulikuwa mweusi kama sufuria ya msibani, na Jumapili ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya ya sala. Bibi alikosa raha kabisa kwa aibu. Ili kumwokoa, nikalala siku tatu nimejifunga kitenge mdomoni.

"We mume wangu, meno yanauma?"

"Hapana, bibi. Nazuia nisiukoromee ukuta."

Alicheka hadi mbuzi wa jirani wakakimbilia kijiji cha Mwese. Kisha akanipa brashi. Tuliburuta magunia ya mpunga kutoka ukutani, tukasugua ukuta kwa maji ya sabuni, ukakauka, tukapaka chokaa mara mbili. Jumapili ukuta ulimeta mpaka katekista akafumba macho kabla ya sala.

"Kapaka mume wangu huyu," bibi akawatangazia. Sijawahi kutembea kifua mbele namna ile, hata siku nilipopokea cheti cha masomo ya jioni ukubwani.

Walipoondoka nikauliza kama sasa naruhusiwa kukoroma.

"Koroma tu, baba," akasema akifungua dirisha. "Ukungu unaletwa na unyevu. Tuliegemeza magunia ukutani, dirisha tukafunga mvua zote. Hewa ingepita wapi?"