Kichujio cha Fundi Pi-hsia

Saa tatu kasorobo asubuhi, Chien Pi-hsia ameshabadili mguu wa kusimamia mara tisa. Vidole vyake vimezama kwenye bega la mteja, muuza samaki mstaafu anayeguna kila vinapokaza. Sikio la kulia la Pi-hsia lina kisikilizi kidogo, na humo ndani sauti ya kompyuta inasoma kwa kasi ya bisi zinazopasuka sufuriani. Mwenye macho akiisikiliza atadhani cherehani imepandwa na wazimu. Pi-hsia anasikia kila neno.

Leo anatafuta kitu kimoja tu, na hakisomwi.

Pi-hsia, miaka hamsini na minne, haoni tangu akiwa na miaka saba. Yeye na wenzake watano, wasioona wote, wanakanda wasafiri katika ukumbi wa chini wa kituo cha treni cha mji wa Chiayi. Watu wa hapo wanaapa kwamba aliwahi kumkanda shingo dereva wa lori akalala siku mbili, akaamka anazungumza Kihakka, lugha ambayo hajawahi kujifunza. Pi-hsia anakanusha. "Alilala siku moja na nusu," anasema.

Kibali cha ukumbi kinaisha mwaka huu. Maombi mapya yanapokelewa kwenye mtandao tu, mwisho leo saa kumi na moja jioni. Fomu wameijaza tangu juzi, lakini ukurasa wa mwisho unatoa picha ya tarakimu tano zilizopindapinda na kumtaka mwombaji azinakili. Picha haina sauti. Ukikosea mara tatu, fomu inajifunga. Bila fomu, mafundi sita wanatoka ukumbini na vitanda vyao.

Wamesikia kwamba ipo programu nyongeza, ile inayopachikwa kwenye kivinjari, inayosoma picha za namna hiyo. Jina lake hawalijui. Tangu jana Pi-hsia anaisaka kwenye duka la programu hizo, na hapo ndipo kichujio alichojitengenezea kinapofanya kazi.

Duka hilo ukiliomba kitu kimoja linakuletea mia nne. Mwenye macho anaruka kwa jicho. Asiyeona anasomewa yote: nyota, sifa, matangazo, programu ileile iliyonakiliwa kwa majina kumi na mawili, na vipicha vidogo vya moto ambavyo sauti ya kompyuta inavitamka kimoja kimoja.

"Siku moja nilihesabu 'moto, moto, moto' thelathini na moja kabla sijafika kwenye jina la kwanza," anasema. "Nilishika fimbo yangu nikawa naelekea mlangoni."

Ndipo akajifunza, kwa kusikiliza masomo ya watu asiowajua, kuandika skripti: amri fupi ambazo kivinjari kinazitekeleza kabla ukurasa haujasomwa. Ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na mmoja, ikafukuza matangazo. Leo skripti hiyo, ndiyo kichujio chake, ina mistari mia tatu na arobaini. Orodha iliyomla saa tatu sasa anaimaliza kwa dakika saba, na wasioona wengine nchini wanaitumia skripti hiyo.

Saa tano anaisikiliza orodha kwa mara ya sita. Mkono wake unapiga ukingo wa kitanda bila kukoma. Mwenzake, Liao A-tung, fundi wa miaka sitini na mmoja mwenye mdomo usio na breki, anamshauri amwite mama anayeuza maandazi ya nyama hapo juu, awasomee tarakimu.

Pi-hsia hataki kusikia. Mwaka jana karani mmoja aliwasaidia fomu nyingine. Alisoma huku anaongea na simu, akakosea mara tatu, fomu ikafungwa, naye akaondoka akiwatakia siku njema.

"Basi tungoje," A-tung anamwambia. "Wakitutoa, dada, mimi nitahamia kwako. Nakoroma, nakuonya mapema."

Saa saba mchana, wali wake wa bata mzinga unapoa kwenye boksi, simu inalia. Ni Ke Ming-chang, mpokeaji simu asiyeona wa mji wa Pingtung, aliyesikia ombi lake kwenye kundi lao la ujumbe wa sauti.

"Dada mkubwa, hiyo programu niliitengeneza mimi. Iko dukani tangu mwezi wa tatu."

"Haipo. Nimesikiliza orodha nzima mara sita."

"Umesikiliza ya kwako au ya duka?"

Pi-hsia anasukuma kando boksi la wali.

"Zima kichujio, dada."

Anakizima. Moto, moto, moto. Dakika hamsini anasikiliza takataka zote alizozifukuza kwa miaka, wateja wawili wakingoja vitini, mpaka inafika: programu ya Ke, watumiaji ishirini na watatu.

Miaka minne iliyopita, Pi-hsia mwenyewe aliongeza mstari mmoja kwenye skripti: chenye watumiaji chini ya mia moja, ondoa. Aliona ni busara, kwa kuwa takataka nyingi hazina watu. Hakukumbuka kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona hakiwezi kuwa na watu wengi. Wenyewe si wengi.

"Na hiki kichujio chako kina watu wangapi?" A-tung anauliza.

"Arobaini na sita."

"Basi nacho kingejitupa nje."

Pi-hsia anaipachika programu kwenye kivinjari. Wateja wakishaondoka, saa kumi kasoro dakika tano, anajaribu tarakimu za kwanza zilizosomwa na programu, fomu inakataa. Mara ya pili, inakataa. Ke, aliyerudi kwenye simu, anamwambia aombe picha nyingine, hii imepinda mno. Anaomba nne, programu inasita kwa zote. Ya tano programu inaisoma bila kusita. Pi-hsia anaziandika tarakimu, vidole vilivyozoea mabega vikigonga taratibu kama vinaogopa kuumiza.

Fomu inapokelewa. Majibu yatatoka mwezi ujao, na hakuna anayejua yatakuwaje.

A-tung anaenda kununua chai. Pi-hsia hamsubiri. Ameshaufuta ule mstari, na sasa anaandika skripti ya pili, kinyume cha ile ya kwanza: itakayoleta vile tu vyenye watumiaji wachache, vyote, na takataka zake. Anakusudia kuisikiliza kila Jumapili asubuhi, hata ikichukua saa tatu.

"Miaka minne," anasema, kisikilizi kikiwa kimesharudi sikioni. "Nataka kujua niliwafuta kina nani."